Kozi ya uongozi: kambi ya Jinja au jioni Wandegeya?
Wanachuo wenzangu wa Makerere, mi nimepitia zote mbili. Kambi ya Jinja, kama kilomita 80 toka Kampala, ni siku tano mnalala hukohuko, mnapewa watu kumi msiojuana na hela ya chakula mpange wenyewe, siku ya pili posho yetu (ugali) ikaungua na dada mmoja akanuna kabisa, nikakaa naye pembeni ya sufuria nikamsikiliza, hapo ndo nikaelewa kuongoza sio kuhutubia. Ya jioni Wandegeya, hapo jirani na chuo, ni rahisi zaidi, unatoka lekcha unakula roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) unaingia, ila mvua ikinyesha nusu hawaji. Kama utafiti wa mwaka wa mwisho umekubana chukua ya jioni, wa mwaka wa kwanza nendeni Jinja jamani.