Kemikali ya Herzberg ya kutambua nyuzi za karatasi: uzoefu wangu

Anayekarabati hati za zamani lazima ajue kwanza karatasi aliyonayo ni ya matambara, yaani nguo kuukuu za pamba na kitani, au ya miti. Asipojua, ataioshaje? Mimi natumia kemikali ya Herzberg, yaani kloridi ya zinki, iodidi ya potasiamu na iodini zilizochanganywa pamoja, na nimeridhika nayo sana.

Nachukua vinyuzi vichache pale ukingo ulipokwisha kuchanika, nachemsha kidogo kwenye maji, natenganisha kwa sindano juu ya kioo cha hadubini, kisha naacha vikauke kabisa. Hapo usiharakishe. Maji yakibaki huizimua kemikali, na rangi utakazoona zitakudanganya. Vikishakauka, tone moja linatosha.

Nyuzi za pamba na kitani hugeuka nyekundu iliyokolea, kama juisi ya rosela. Miti iliyosagwa tu hutoa njano, kwa sababu lignini yake, yaani kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti, bado imo. Miti iliyopikwa kwa kemikali huwa buluu au zambarau. Ukiona njano kwenye hati inayosemekana ni ya karne ya 18, una sababu nzito ya kuitilia shaka: karatasi ya miti ya kusagwa ilitokana na kazi ya Friedrich Gottlob Keller huko Saxony, Ujerumani, katika miaka ya 1840.

Ila rangi peke yake haitofautishi pamba na kitani. Hapo tazama umbo: uzi wa pamba ni bapa na umejisokota, wa kitani umenyooka na una vifundo.

Wapo wanaopendelea floroglusinoli, ambayo huifanya lignini iwe nyekundu. Ni ya haraka, lakini inakueleza habari za lignini tu, na ina asidi ya hidrokloriki ndani yake. Kuidondosha juu ya hati yenyewe, kama baadhi wanavyofanya, mimi sikubali hata kidogo.

Herzberg nayo hainyunyizwi kwenye hati. Inaunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu, na mwanga huiharibu, hivyo itunze gizani kwenye chupa ya kahawia. Nguvu yake hupungua kadiri inavyokaa. Kwa hiyo kila ninapopima napima pia pamba safi na kipande cha gazeti la miti iliyosagwa, ili nilinganishe. Gazeti lisipotoa njano safi, chupa hiyo siitumii tena.