Mshono wa mnyororo au mshono wa shina?

Kwa anayeanza kutarizi vitambaa vya meza hapa Bukavu, napendekeza kwa dhati mshono wa mnyororo. Sindano hurudi katika tundu lile lile ulimotokea uzi, kisha huchomoza mbele, ndani ya kitanzi kilichobanwa kwa kidole gumba, na kila kitanzi hukishika kile kilichotangulia; ndiyo maana cha mwisho kisipofungwa kwa mshono mdogo, mstari mzima hufumuka. Uzi ukivutwa mno, kitambaa hukunjamana, na mwanafunzi huliona kosa papo hapo. Mshono wa shina, ambao hatua zake hupishana kidogo na kufanya mstari kama kamba iliyosokotwa, hutumia uzi kidogo, jambo la maana kwa anayeununua sokoni Kadutu kwa fedha ya kuhesabu, na hufaa vikonyo vyembamba vya maua. Lakini uzi usipobaki upande mmoja wa sindano daima, mstari hupoteza msokoto wake.