Orodha ya miji ya GaWC: usiifungue bila kikokotoo

Kwa anayetafuta mji wa kufungulia ofisi ya mawakili, uhasibu au matangazo, sijaona orodha inayofaa kuliko hii ya GaWC, mtandao wa watafiti ulioanzia Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, mwaka 1998. Iko wazi mtandaoni, bure. Tatizo ni kwamba wengi huishia kwenye daraja ambalo mji umepewa, Alpha (la juu), Beta au Gamma, wakadhani wameshajua uchumi wa mji.

Kinachohesabiwa ni matawi. Toleo la 2000 lilichukua kampuni 100 za huduma kwa biashara katika miji 315. Baadaye kampuni zikawa 175: 75 za fedha, kisha 25 za uhasibu, 25 za matangazo, 25 za sheria na 25 za ushauri wa uendeshaji. Kwa kila kampuni mji hupewa alama: 0 hakuna ofisi, 2 ofisi ya kawaida, 5 makao makuu. Ofisi inayosimamia kanda nzima huweza kupata 4.

Halafu alama za miji huzidishwa, miwili miwili. Tuseme kampuni moja ina London 5, Nairobi 4, Dar es Salaam 2. London na Nairobi ni 20, London na Dar 10, Nairobi na Dar 8. Ukijumlisha, Nairobi inaondoka na 28, Dar 18. Sasa ipandishe Dar iwe 3: Dar inafika 27, na Nairobi nayo inaruka hadi 32 bila kuongezewa hata meza moja! Ndiyo maana mji unaweza kupanda kwa jasho la jirani.

Tena, namba hizo ni makisio tu ya mawasiliano kati ya ofisi. Hakuna aliyehesabu ankara wala simu zilizopigwa kati ya ofisi hizo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou hamo kabisa, na bandari haimo.

Usilinganishe alama ghafi za miaka tofauti, kwa kuwa kampuni zinazohesabiwa hubadilika. Tumia alama za mji kama asilimia ya alama za mji unaoongoza mwaka huo. Na kama ofisi yako ni ya sheria, kumbuka sheria ni 25 tu kati ya 175, hivyo daraja la jumla limebebwa zaidi na mabenki na bima. Fungua kurasa za kampuni kubwa za mawakili, uangalie zenyewe zina ofisi wapi na zina wabia wangapi pale.