Ovahoo ya injini ya Peugeot 404 hapa Dar: seti ya silivu na kazi ya mashine Gerezani

Kwa mwenye haraka: seti ya silivu (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) na pistoni niliyoagiza Ufaransa, nyota nne. Kusaga krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) mtaa wa Gerezani, nyota tano. Silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), nyota tatu. Usafi wa kazi ya mashine, nyota moja, na kosa hilo lingeua injini yote kama lisingeonekana mapema. Jina la karakana silitaji.

Gari ni 404 ya petroli yenye injini yake ya kiwandani: cc 1618, kipenyo cha silinda milimita 84, mwendo wa pistoni milimita 73, imelala nyuzi 45, hedi ya aluminiamu. Ukiipeleka gereji hapa mjini, ushauri wa kwanza utakaoupata ni kuing'oa na kuweka ya Toyota. Mimi naupinga kabisa. Boneti na mauntini (vishikio vya injini) za gari hili zilipangwa kwa injini iliyolala, kwa hiyo utaanza kukata na kuchomelea hata kabla hujawasha. Halafu diferenshali ya 404 ni ya skrubu inayozungusha gia ya bronzi, si kama za gari nyingine zilizozoeleka. (Hapo hapo: usiijaze oili yoyote ya gia unayoikuta dukani. Oili nyingi za daraja la GL-5 zina salfa inayokula bronzi.)

Na kuhusu uimara, 404 yenyewe ilishajibu. Juni 1965, kwenye uwanja wa Montlhéry, Ufaransa, Peugeot walichukua 404 kabrioleti, wakaifunika juu, wakabakiza kiti kimoja na kuifunga dizeli. Ikazunguka saa 72 kwa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, na mwezi huo ikavuna rekodi 40. Gari lenyewe limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Peugeot kule Sochaux. Kwetu huku, 404 ilishinda East African Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mkazi wa Tanzania.

Uzuri wa injini hii ni silivu za maji. Maji ya rejeta yanaigusa silivu moja kwa moja, na silivu imekalia tu kingo ndani ya bloku, haikupigwa kwa presi. Ikiisha, unaitoa na kuweka nyingine pamoja na pistoni yake. Bloku haichongwi. Ndiyo maana bloku yenye umri wa miaka hamsini na kitu bado inafaa, mradi kingo za chini hazijaliwa. Adui wa kingo hizo hapa Dar ni maji ya kisima. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na gari zilijazwa maji hayo miaka nenda rudi bila kulanti (dawa ya rejeta). Chumvi hula aluminiamu ya hedi kwanza, kisha chuma cha kingo.

Seti ilikuja imepakwa grisi nzito, kila silivu na pistoni yake, pini na ringi. Pima mwanya wa ringi mwenyewe kwa filageji (visahani vyembamba vya kupimia mwanya) ukiwa umeiingiza peke yake ndani ya silivu na kuisawazisha kwa kichwa cha pistoni, usiamini pakiti. Zangu zilikuwa sawa zote. Nyota iliyopungua ni ya shimu, pete nyembamba zinazowekwa chini ya silivu: zilikuja za unene mmoja tu, wakati kazi nzima ya silivu za maji inategemea kuwa nazo za unene tofauti.

Hapa ndipo ovahoo nyingi za Peugeot zinapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Silivu ikishakaa, mdomo wake lazima uchomoze juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo sana, na zote nne zikaribiane. Ikizama, gasketi ya hedi haiibani na mgandamizo unatorokea kwenye maji. Ikizidi wenzake, hedi inakaa upande. Kipimo ni dayali geji (saa ya mshale ya kupimia tofauti ndogo sana), si kidole wala rula. Kwenye hii injini silinda tatu zilisoma milimita 0.06, 0.06 na 0.07. Namba 3 ikasoma 0.13. Fundi alitaka kubadili shimu tu. Ilipotolewa na kingo kumulikwa tochi, kulikuwa na gamba la kutu limeganda, jembamba kama ganda la kitunguu, limeshika robo tu ya duara. Brashi ya waya ilikuwa imepita juu yake na kuling'arisha badala ya kulitoa. Likakwanguliwa kwa kipande cha bati la shaba, taratibu, na namba 3 ikashuka hadi 0.07 kwa shimu ileile. Ingefungwa vile, maji yangekuwa kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, ndani ya wiki.

Silivu zikishakaa kwenye shimu, zibane kwa boliti na washa pana kabla hujazungusha krenki hata mara moja. Pistoni ikipanda huinyanyua silivu, shimu inachanika, na hutajua mpaka oili iwe rangi ya chai ya maziwa. Kwa anayebadili gasketi tu onyo ni hilohilo: usivute hedi moja kwa moja juu, isukume kwanza kushoto na kulia mpaka iachie, la sivyo itaondoka na silivu.

Krenki ilisagwa hatua ya kwanza ya ondasaizi (kipenyo kilichopunguzwa). Kazi safi: majarida yote (sehemu za krenki zinazozunguka ndani ya beringi) yalipimwa kwa maikromita sehemu mbili, duara halina yai, na kona za mviringo pembeni ya kila jarida zimeachwa kama zilivyo. Msagaji akizichonga kona hizo zikawa kali, ufa huanzia hapo. Huyu alijua.

Lakini ilirudi ikiwa imefutwa kwa nje tu. Brashi nyembamba ya nailoni iliyopitishwa kwenye matundu ya oili ilitoka na uji wa kijivu, unga wa jiwe la kusagia uliochanganyika na oili. Uji huo ndio wa kwanza kufika kwenye beringi mpya pale pampu inapoanza kusukuma. Osha kwa petroli, piga upepo wa kompresa, rudia mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Mimi nilirudia mara tano. Nilipowaambia, jibu likawa kwamba kuosha ni kazi ya mwenye injini. Kwa kazi wanayoilipisha vile, hapana.

Hedi ilikuwa imeliwa kuzunguka matundu mawili ya maji. Pendekezo la kwanza lilikuwa gundi ya chuma. Likataeni. Aluminiamu na gundi hazipanuki sawa kwa joto, na gundi itabanduka. Baada ya kubishana walichomelea kwa argoni, wakaskimu (kusawazisha uso) kidogo, na filageji ya milimita 0.05 haikupita popote chini ya rula. Walichosahau ni kupima presha. Tulipima wenyewe kwa kuziba matundu na kuitumbukiza hedi kwenye maji ya moto huku upepo ukiingizwa ndani. Hakuna kipovu.

Wakati wa kufunga, kumbukeni Mfaransa anahesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili (gurudumu zito upande wa giaboksi), si upande wa rejeta. Fundi wa Toyota atapanga vifuniko vya konrodi kinyume bila kujua. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, mwanya wa tapeti za valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.10 ya kuingiza na 0.25 ya kutoa moshi, na mwanya wa pointi za distribyuta ni 0.40.

Feni ya sumaku isiondolewe. Hushika na kuzunguka maji yakipata moto, na kuachia yakipoa, na kwenye foleni ya Mandela saa kumi na moja jioni imeshika vizuri, mshale haukupita katikati. Thamostati nayo ibaki. Tanki la maji lijazwe kulanti na maji ya betri, kamwe si ya kisima.

Kupanda Pugu kwa gia ya tatu ndiyo jaribio lililotumika, na hakuna moshi. Anayeagiza seti hii aagize pamoja nayo pakiti mbili za shimu za unene tofauti. Kuzisubiri ndiko kulikochelewesha kazi kuliko mashine zote za Gerezani.