Mwaka mmoja na Canon PRO-1000: mama wa mwani hatimaye katoka kama nilivyomuona

Wadau wa picha habari zenu, nina printa ya picha ya Canon imagePROGRAF PRO-1000 mwaka na miezi kadhaa sasa na kila wiki kuna mtu ananiuliza kama inafaa, kwa hiyo naandika yote hapa.

Nianzie mbali kidogo. Nina picha moja naipenda kuliko zote nilizowahi kupiga, mama mmoja mkulima wa mwani kule Paje, Zanzibar, saa nne asubuhi, bamvua, maji yametoka mbali kabisa, kainama anakaza kamba kwenye kigingi, kanga ya rangi ya chungwa kichwani na maji ya buluu ya kijani nyuma yake. Kwenye kompyuta inawaka. Nikawa naipeleka studio mjini na flashi, naambiwa njoo kesho, kesho naikuta uso mweusi tii na kanga kama imepakwa tope. Nimerudisha mara tatu, nikamfokea yule kijana wa studio, na leo namuomba radhi maana kosa lilikuwa langu. Skrini yangu ilikuwa imewekwa mwanga mpaka mwisho, kwa hiyo kila picha nilikuwa naitengeneza giza bila kujua! Karatasi haina taa ndani, jamani. Niliazima kile kifaa cha kupima skrini, nikashusha mwanga mpaka kandela 100 kwa mita ya mraba, siku mbili za mwanzo nikaona kama kompyuta inaumwa, halafu macho yakazoea. Fanyeni hili kabla hamjatoa hata shilingi kununua printa.

Printa yenyewe nimeinunua mtumba, ina kilo 32 na ushee, tumeipandisha ghorofa ya pili Mji Mkongwe watu wawili na zile ngazi mnazijua. Inachukua karatasi mpaka A2, yaani ukubwa wa A4 nne zikiwekwa pamoja. Ina katriji 12 za mililita 80, kumi na moja za rangi na moja ya maji maji yasiyo na rangi inayosawazisha mng'ao kwenye karatasi za kung'aa. Kitu nilichokipenda zaidi ni kwamba nyeusi ya karatasi ya mng'ao na nyeusi ya karatasi isiyong'aa kila moja ina njia yake, hubadilishi kitu wala humwagi wino ukihama karatasi. Ila haina sehemu ya roli, wenye kutaka zile picha ndefu za ufukwe mzima mtafute nyingine.

Karatasi natumia Hahnemühle Photo Rag gramu 308 kwa mita ya mraba, pamba tupu, haing'ai. Ukiishika ni kama kitambaa kizito. Hapa ndipo nilipojifunza kwa hasara. Kwanza ina upande mmoja tu wa kuprinti, ukigeuza wino unazama na kila kitu kinakuwa ukungu, siku hizi nalowesha kidole kidogo nagusa kwenye kona, upande unaonata ndio wenyewe. Pili karatasi za pamba zote zina vumbi la nyuzi, usipopitisha brashi laini kabla, kile kiuzi kinakaa juu, wino unakaa juu yake, kikianguka kinakuachia kitone cheupe katikati ya shavu la mtu. Tatu na hili ndilo linaua wengi, profaili ya rangi, yaani lile faili linaloeleza printa yako inavyotoa rangi kwenye karatasi fulani. Unapakua profaili ya karatasi yako kwa printa yako, unaichagua ndani ya Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, halafu kwenye dirisha la printa unazima usimamizi wa rangi ili rangi zisirekebishwe mara mbili. Mimi niliacha vyote viwili vimewashwa na mama wa watu akatoka mwekundu kama kachomwa na jua wiki nzima, A2 nzima ikaenda, na karatasi moja ya A2 ya pamba sio hela ya kuchezea.

Nikarudi kwenye RAW, faili ghafi la kamera, sio ile JPEG ya sRGB, maana sRGB ina wigo mdogo wa rangi na rangi ya maji ya pwani yetu inabanwa sana humo, nikatumia Adobe RGB yenye wigo mpana zaidi. Nikainua vivuli vya uso kidogo kidogo huku naangalia kwenye skrini itakavyokuwa kwenye karatasi, kwa sababu karatasi isiyong'aa nyeusi yake haina kina kirefu na vivuli vinashikana haraka. Kamera yangu ni ya megapikseli 24 tu, nikaiprinti sentimita 54 kwa 36, inakuja kama nukta 280 kwa inchi, inatosha kabisa. Ilipotoka nimekaa nayo chini ya dirisha nusu saa. Uzi wa kwenye kamba unahesabika, ukingo wa kanga ulioloa ni mzito kuliko sehemu kavu, na usoni chini ya ule upindo wa kanga kuna mwanga hafifu wa njano, ule unaopanda kutoka kwenye mchanga. Nilikuwa nimeusahau kabisa.

Matunzo sasa. Isizimwe kwenye soketi, iprinti angalau picha moja kwa wiki, na karatasi zirudi kwenye mfuko wake kila mara kwa sababu unyevu wa huku unazikunja. Picha iache ikauke siku nzima kabla ya kumpa fundi fremu, la sivyo kioo kitashika ukungu. Wino bei yake imesimama, kwa hiyo kama unaprinti picha mbili kwa mwezi endelea na studio, peleka faili lililotengenezwa vizuri tu. Mimi nauza, kwangu inalipa.

Nakala ya pili, ikiwa kwenye fremu, nilimpelekea yule mama mwenyewe Paje. Akaifuta kioo kwa upindo wa kanga, akakaa nayo magotini, akaanza kuhesabu vigingi kwa kidole, alipofika cha mwisho akaniambia, "Hiki si changu mwanangu, hiki cha jirani."