Haibridi na dizeli, nimezitumia zote mbili na kila moja ina kazi yake

Watu wakitaka gari swali la kwanza utasikia ina cc ngapi, mi naanza kwa kuuliza we unaendeshaje, safari zako ni fupi fupi za foleni au unapiga masafa marefu, maana hapo ndo jibu lilipo. Nyumbani natumia Toyota Prius ya 1.8, hiyo ndo haibridi, yaani ina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kazini napewa pikapu ya dizeli, kwa hiyo tofauti naiona kila wiki.

Prius kwenye foleni ni raha kwa kweli. Magari yakisogea kidogo kidogo injini inajizima kabisa, mota ya umeme ndo inasukuma, unabaki unasikia feni ya AC tu. Ukikanyaga breki taratibu ile mota inageuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri, ndo maana pedi za breki zinadumu sana. Ila ukitoka barabara kuu ukashika 110 mwendo mrefu hiyo faida inapungua sana, breki hugusi, injini ya petroli ndo inafanya karibu kazi yote. Halafu pembeni ya siti ya nyuma kuna tundu linaloingiza hewa ya kupooza betri, usilizibe na begi wala nguo na uwe unasafisha vumbi, wengi hawajui kabisa kama lipo!!

Dizeli sasa, ukiwa na mzigo au mlima hutajuta, nguvu inakuja chini kabisa kwenye mizunguko ya injini kama 1,800 hivi kwa dakika, huna haja ya kuifokesha. Tatizo ni hizi dizeli za kisasa zenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Ile kitu ili ijisafishe inataka joto la nyuzi kama 600, na joto hilo hulipati kwa kwenda dukani na kurudi, lazima ushike mwendo dakika 15 au 20 bila kusimama simama. Ya kazini ikikaa wiki nzima kwenye vijisafari vya hapa na pale unaona sailensi (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) imepanda, ukiizima feni bado inanguruma, na baadae taa inawaka kwenye dashibodi. Kibaya zaidi ukizima katikati ya kujisafisha mara kwa mara, dizeli inayopulizwa kwa ajili ya kuchoma masizi inashukia kwenye oili, ukichomoa kijiti cha kupimia oili unakuta oili imepanda badala ya kupungua na inanuka dizeli, hapo mwaga uweke mpya haraka kabla injini haijaumia.

Na kama gari lako linatoka mara moja moja tu wikiendi, si foleni si safari ndefu, chukua petroli ya kawaida isiyo na taabu, plagi na oili fundi yeyote anaziweza, hizo gharama za betri kubwa na kichujio utakuwa unalipia vitu usivyovitumia.