Misheni ya Bagamoyo: nimeiona mara ya pili

Mara ya kwanza nilipelekwa na wakala mmoja wa safari wa Dar, jina lake nalihifadhi. Dakika 40, picha mbele ya kanisa kubwa, haya pandeni basi. Kanisa lile kubwa linapendeza, sikatai, ila ni la juzi: lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Kale kamnara ka pembeni hakuna aliyetuonyesha.

Mwezi uliopita nikarudi kivyangu. Daladala kutoka kituo cha Makumbusho, Dar, halafu bodaboda, nikamwambia anishushe mwanzo wa ile njia ya miembe nitembee. Nanyi fanyeni hivyo hivyo, miembe ile ni ya enzi za mapadri wa mwanzo, waliofika hapa 1868.

Mnara ni wa kanisa lao la kwanza, la 1872. Mimi mtoto wa mwashi, basi macho yalikimbilia ukutani kabla ya historia: mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa hivi unapumua. Upige plasta ya saruji uone, unyevu unanasa ndani, chumvi inachanua, plasta inabanduka vipande vipande. Marehemu baba aligombana na wateja wangapi kwa hilo!

Humo mnarani ndimo ulimolazwa mwili wa David Livingstone, yule msafiri na mmisionari wa Uskoti, usiku wa 24 Februari 1874, kabla ya kuvushwa Zanzibar. Alifariki Mei 1873, huko ambako leo ni Zambia. Watumishi wake wa safarini, Chuma, Susi na wenzao, wakauzika moyo wake chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu karibu miezi tisa hadi pwani. Watu wanauita Mnara wa Livingstone. Ningekuwa na mamlaka ningeupa jina la wabebaji.

Makumbusho ya misheni yamo katika iliyokuwa nyumba ya masista, ya 1876. Dada aliyenitembeza hakuwa na haraka. Nilipouliza habari za boriti hakunicheka, alinisubiri nitazame dari mpaka shingo ikauma.

Mwisho akanipeleka kwenye mbuyu. Zamani ulifungwa mnyororo wa punda, ukasahauliwa, shina likanenepa likaumeza. Kilichobaki nje ni kipande kifupi tu. Nilikishika, hakitikisiki.